Fadda, aliyewashinda akina Gracie kwa kufunga miguu

Jina la Gracie linajulikana popote panapochezwa jiu-jitsu ya Brazil. La Oswaldo Fadda halijulikani kiasi hicho, ingawa wanafunzi wake ndio walioishinda shule ya Gracie ndani ya ukumbi wake wenyewe.

Fadda alizaliwa mwaka 1921 Bento Ribeiro, kitongoji cha watu wa kipato cha chini jijini Rio de Janeiro, mbali na fukwe za matajiri. Akiwa askari wa jeshi la majini alifundishwa na Luiz França, anayetajwa kuwa mwanafunzi wa Mitsuyo Maeda, Mjapani aliyeipanda mbegu ya mchezo huo Brazil. Kwa akina Gracie walijifunza wenye fedha. Fadda alifundisha bure kwenye viwanja na ufukweni, na mwaka 1950 akafungua ukumbi mtaani kwao.

Katika miaka hiyo ya 1950 aliwaita akina Gracie ulingoni kupitia magazeti. Wakakubali. Vijana wa Bento Ribeiro wakashinda, mara nyingi kwa mbinu ambayo wenyeji waliidharau: kufunga mguu.

Msomaji wa Kasongo au Kabambare anayeijua judo atashangaa, maana huko kiungo kinachoruhusiwa kukunjwa ni kiwiko tu. Katika jiu-jitsu, kifundo cha mpinzani hubanwa kwapani, kigasha kikiwa nyuma ya kano ya kisigino na mapaja yakizuia goti lisichomoke. Mshikaji akiinua kifua, mguu hunyooshwa kupita kiasi.

Anayejua kujinasua hangoji maumivu. Husukuma mguu ndani zaidi, kama anayevaa buti, hadi kigasha kiiache kano. Huvunja mshiko wa mikono, kisha huinuka na kumkalia mwenzake. Asiyejua huvuta mguu nyuma, na hapo ndipo mshiko unapokaza.

Mbinu hiyo ikaitwa ya watu wa vitongojini, na wanaoitumia wakabandikwa jina la mafundi viatu. Lilikuwa tusi la kitabaka kuliko hoja ya kimichezo. Hata hivyo, Hélio Gracie alikubali kwamba wameshindwa.

Fadda alifika mkanda mwekundu, akafariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 84. Wendell Alexander, mmoja wa waanzilishi wa Nova União, timu iliyomtoa bingwa José Aldo, anatoka katika ukoo wa walimu wake.