Humphry Davy: mwanakemia aliyeishinda kutu, akashindwa na kombe za baharini

Mvua za Kayna hazina huruma na chuma. Katika mji huu wa wilaya ya Lubero, kando ya barabara ya taifa namba 2 kati ya Butembo na Goma, kila mwenye nyumba anajua tofauti ya bati zuri na bati duni. La kwanza linabaki jeupe miaka mingi, la pili linageuka jekundu mapema na kuanza kuvuja juu ya kitanda. Kinachoyatenganisha mabati hayo, au manjanja kama wengi wanavyosema, ni hasa wingi wa zinki iliyopakwa juu ya chuma.

Mtu aliyeonyesha kwa majaribio jinsi madini moja inavyoweza kuliwa ili nyingine ipone hakuwa fundi wa mabati. Alikuwa mwanakemia Mwingereza, Humphry Davy.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 huko Penzance, kusini-magharibi mwa Uingereza, mtoto wa mchonga mbao. Baba yake alifariki mwaka 1794 na kuiachia familia madeni. Kijana akapelekwa kujifunza kazi kwa daktari wa mji huo. Chuo kikuu hakukanyaga. Kemia aliisoma mwenyewe vitabuni.

Mwaka 1801 aliajiriwa na Royal Institution ya London, na mihadhara yake ikajaza watu hadi mlangoni. Kwa kutumia umeme wa betri, kitu kipya kabisa wakati huo, alitenga potasiamu na sodiamu mwaka 1807, kisha kalsiamu na magnesiamu mwaka uliofuata. Mwaka 1813 alimpa kazi mtoto wa mhunzi aliyeitwa Michael Faraday, ambaye baadaye alimpita kwa sifa. Mwaka 1815 alibuni taa ya wachimbaji wa makaa ya mawe, yenye wavu wa waya unaozuia moto usilipue gesi ya mgodini. Hakutaka hati ya kumiliki ubunifu huo, ingawa ingemtajirisha.

Kisha, mwaka 1823, jeshi la majini la Uingereza likamletea tatizo lake.

Meli za vita zilikuwa za mbao, na sehemu iliyozama majini ilifunikwa kwa mabamba ya shaba, madini ileile inayochimbwa Kolwezi. Shaba ilizuia wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Lakini maji ya chumvi yaliila shaba yenyewe, na kuibadilisha kila baada ya miaka michache kulikuwa mzigo kwa hazina ya serikali.

Davy aliona kwamba kuliwa huko ni jambo la umeme. Madini mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja hujitoa na nyingine husalimika. Mabaharia walikwisha kuyaona hayo bila kuyaelewa, maana misumari ya chuma iliyogusa shaba chini ya meli ilioza haraka ajabu. Davy aliigeuza hasara hiyo kuwa dawa. Alifunga kwenye shaba vipande vya zinki au vya chuma cha kalibu, akisaidiwa na Faraday katika majaribio. Aligundua kwamba kipande chenye ukubwa wa kati ya 1/40 na 1/150 ya eneo la shaba kilitosha kuilinda kabisa. Alitoa taarifa yake mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi ambacho yeye mwenyewe alikuwa rais wake, mwaka 1824. Mwaka huohuo meli ya Samarang ikafungwa vipande hivyo.

Shaba ikapona. Meli zikaharibika kwa njia nyingine.

Shaba inayoliwa polepole huachia sumu kidogo majini, na sumu hiyo ndiyo iliyofukuza kombe na majani ya bahari. Davy alipoizuia shaba isiliwe, aliizuia pia isijisafishe. Kombe zikajishika chini ya meli, mwendo ukapungua, na kwa meli ya vita mwendo ni uhai. Kuanzia mwaka 1825 wakuu wa jeshi la majini waliagiza vipande viondolewe. Wapinzani wake, ambao hawakuwa wachache kwa kuwa alijulikana kwa majivuno, walimcheka hadharani. Ni hukumu kali kwa mtu aliyejibu swali aliloulizwa, ila ni kweli pia kwamba alitangaza ushindi kabla meli hazijakaa baharini vya kutosha.

Mwishoni mwa mwaka 1826 alipatwa na kiharusi. Mwaka uliofuata aliacha urais wa Royal Society, akawa anasafiri Ulaya akitafuta afya. Alifariki Geneva, Uswisi, tarehe 29 Mei 1829, akiwa na miaka 50, na huko ndiko alikozikwa.

Miaka 8 baadaye, mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Hapo zinki inafanya kazi mbili: inafunika chuma, na bati likikwaruzwa inaliwa yenyewe badala ya chuma kilicho wazi. Ndiyo sababu mkwaruzo mdogo hauozeshi bati zima, na ndiyo sababu fundi makini hatumii waya wa shaba kufunga mabati. Meli za chuma za leo nazo hubeba vipande vya zinki au alumini chini ya maji, vikibadilishwa vinapoisha. Kombe wanazifukuza kwa rangi maalumu.