Haile Selassie: Mfalme aliyepigiwa vipenga Geneva

Kama unaishi Nairobi, umepita Haile Selassie Avenue mara ngapi? Umebeba mboga kutoka Marikiti, umekimbilia gari pale Railways. Na sura yake si ngeni: mzee mwembamba mwenye ndevu, amechorwa kwenye matatu kando ya nyekundu, manjano na kijani. Wengi wetu tulimjua kwa reggae. Mimi leo nataka ukutane naye kama mtu aliyeamini karatasi zilizotiwa saini. (Niliacha chuo, kwa hivyo usipeleke hii kwa mtihani. Ila kusoma sikuacha.)

Alizaliwa 23 Julai 1892 Ejersa Goro, karibu na Harar, akaitwa Tafari. Babake, Ras Makonnen, alikuwa miongoni mwa majemadari walioichapa Italia kule Adwa mwaka 1896. Kumbuka hiyo Adwa, maana Waitalia hawakuisahau. Mwaka 1916 Tafari alifanywa mrithi wa kiti na msimamizi wa nchi chini ya Malkia Zewditu, na tarehe 2 Novemba 1930 akatawazwa mfalme wa wafalme kwa jina la Haile Selassie.

Kabla ya taji, mwaka 1923, aliiingiza Ethiopia katika Shirikisho la Mataifa, lililokaa Geneva kabla dunia haijapata huu Umoja wa Mataifa. Mpango wake ulikuwa rahisi: ukimgusa mwanachama mmoja, umetugusa sote. Kwa nchi iliyozungukwa na makoloni ya Italia, Uingereza na Ufaransa, hiyo ilikuwa bima. Na mwaka 1928 Italia yenyewe ikatia saini naye mkataba wa urafiki wa miaka 20. Bima na rafiki, unataka nini tena?

Hebu tazama sasa. Mwaka 1931 Japani iliinyakua Manchuria kutoka kwa Uchina. Shirikisho likatuma tume, tume ikaandika ripoti, Japani ikatoka chamani na Manchuria ikabaki nayo. Mussolini kule Roma alikuwa anaangalia.

Desemba 1934 risasi zililia Walwal, kwenye visima vya maji vya Ogaden, ndani ya Ethiopia. Waethiopia zaidi ya 100 wakafa, na bado Italia ndiyo iliyodai kuombwa msamaha na kulipwa fidia! Haile Selassie akapeleka kesi Geneva. Miezi ikapita, barua zikapishana, huku meli za Italia zikipita Suez zimejaa wanajeshi. Jamaa hata aliamuru majeshi yake yarudi nyuma kilomita 30 kutoka mpakani, asije akaambiwa ndiye mchokozi.

Tarehe 3 Oktoba 1935 Italia ikavamia, bila hata kutangaza vita.

Hapa ndipo huwa napandwa na hasira. Geneva haikukaa kimya kabisa. Ndani ya siku chache ilisema wazi kwamba Italia ndiyo mkosaji, na Novemba vikwazo vikaanza. Lakini mafuta hayakuwamo. Malori, vifaru na ndege za Mussolini zilikuwa zinakunywa nini, maji? Mfereji wa Suez nao, Waingereza wakiwa papo hapo Misri, haukufungwa. Uingereza na Ufaransa ziliogopa kumsukuma Mussolini kwa Hitler. Desemba, Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa walipanga kisirisiri kuimegea Italia sehemu kubwa ya Ethiopia. Habari zikavuja magazetini, raia wakawaka, Hoare akajiuzulu. Mafuta yakaendelea kutiririka.

Mwezi huohuo ndege za Italia zilianza kumwaga gesi ya sumu, ile inayochoma ngozi na kupofusha macho. Italia ilikuwa imetia saini mkataba wa 1925 unaoipiga marufuku. Machi 31, 1936, Haile Selassie akashindwa Maychew. Mei 2 alipanda treni kwenda Djibouti, na siku tatu baadaye Waitalia wakaingia Addis Ababa. Wapo Waethiopia ambao hawakumsamehe kwa kuondoka. Nami niliwahi kumwita mwoga, mpaka niliposoma alikokuwa akienda.

Juni 30 alisimama Geneva, mbele ya walewale waliomwahidi. Waandishi wa habari wa Italia wakampigia vipenga na kumzomea. Mjumbe wa Romania, Titulescu, akafoka watolewe nje. Mfalme akangoja. Kifaransa alikijua vizuri, lakini alizungumza Kiamhari. Akaeleza gesi ilivyowanyeshea watu na mifugo, akaonya kwamba kila nchi ndogo iko hatarini, akauliza awapelekee watu wake jibu gani. Jibu lilikuja Julai: vikwazo vikaondolewa. Miaka mitatu baadaye Ulaya yenyewe ilikuwa inawaka.

Alikaa uhamishoni mjini Bath, Uingereza, pesa zikiwa shida. Huko London, Jomo Kenyatta alikuwa katika kikundi cha Waafrika walioitetea Ethiopia. Italia ilipojiunga na vita upande wa Hitler mwaka 1940, Waingereza ghafla wakamkumbuka mfalme. Askari wa KAR walitokea hapa Kenya kuwafurusha Waitalia, na mfalme akaingia Addis Ababa Mei 5, 1941, miaka mitano kamili tangu mji uanguke.

Siwezi kumpaka asali, lakini. Mwaka 1952 Umoja wa Mataifa uliunganisha Eritrea na Ethiopia kama shirikisho, Eritrea ikiwa na bunge lake. Mwaka 1962 yeye huyohuyo akaufuta mpango huo akaimeza Eritrea, na dunia ikanyamaza, kama ilivyomnyamazia yeye. Njaa ya Wollo ya 1973 nayo ilifichwa huku watu wakifa. Septemba 12, 1974 wanajeshi walimtoa ikulu kwa Volkswagen ndogo, ile ya mgongo wa kobe. Alifariki mikononi mwao Agosti 1975. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1992, imefukiwa chini ya sakafu ya ikulu, na ikangoja hadi Novemba 2000 kuzikwa kanisani.