Yidnekachew Tessema: Mchezaji Aliyegeuka Mwalimu wa Soka la Afrika

Uwanja wetu mkubwa wa michezo hapa Sumbawanga unaitwa kwa jina la Nelson Mandela. Tarehe 2 Agosti 2020 nchi nzima iliutazama, Simba ilipoifunga Namungo mabao 2-1 katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Jina la Mandela kila mtoto wa mjini analijua. Lakini ni wachache kwetu wanaolijua jina la mtu aliyepigana vita hiyo hiyo ya ubaguzi wa rangi ndani ya mpira wa miguu. Mtu huyo ni marehemu Yidnekachew Tessema wa Ethiopia, aliyeanza kama mchezaji, akawa kocha, na mwisho akawa Rais wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Kwa kuwa harambee ya mwaka huu inahusu michezo ya vijana wetu, tumeona vyema kusimulia maisha yake katika kijarida hiki.

Kuzaliwa na ujana

Yidnekachew alizaliwa tarehe 11 Septemba 1921 mjini Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa malenga na mwimbaji mashuhuri, na ni miongoni mwa Waethiopia wa kwanza kabisa kurekodi nyimbo kwenye santuri, huko Ujerumani. Kijana huyu hakufuata nyimbo. Yeye alipenda mpira.

Addis Ababa ni mji wa nyanda za juu kama kwetu Ufipa, tena uko juu zaidi, wenye baridi ya asubuhi na upepo. Mwaka 1935 vijana wa mji huo waliunda klabu ya St. George. Mwaka huo huo majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia, na Mei 1936 yakauteka mji mkuu. Watawala hao walitenga michezo kwa rangi. Wazungu walicheza na Wazungu wenzao, na wenyeji wakawekewa ofisi yao ya michezo, pembeni. Yidnekachew alikuwa kijana wa miaka 14 hivi mambo hayo yalipoanza. Alijifunza mpira katika nchi ambayo mwenyeji hakuruhusiwa kupimana ubavu na mtawala wake uwanjani. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote.

Ethiopia ilikombolewa mwaka 1941. St. George ikawa klabu ya fahari ya Waethiopia, na Yidnekachew akawa mshambuliaji wake maarufu. Aliichezea klabu hiyo hiyo moja kwa miaka 23, na akavaa pia jezi ya timu ya taifa. Hata hivyo kucheza peke yake hakukumtosha. Wakati bado anafunga mabao, alikuwa pia akishughulika na kuunda shirikisho la soka la nchi yake na kuliendesha. Wachezaji wengi hungoja miguu ichoke ndipo wafikirie kazi nyingine. Yeye alianza kuwatumikia wenzake akiwa bado anacheza.

Kocha wa mabingwa

Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa kwa mara ya kwanza Khartoum, Sudan, Februari 1957. Katika fainali Misri iliifunga Ethiopia mabao 4-0, yote yakifungwa na mtu mmoja, Ad-Diba. Mwaka 1959, mjini Cairo, Misri iliifunga tena Ethiopia 4-0. Mtu angeweza kusema basi, hawa hatuwawezi.

Mashindano ya tatu yalifanyika Addis Ababa Januari 1962, na kocha wa Ethiopia alikuwa Yidnekachew. Alikuwa na miaka 40. Timu yake ilianza kwa kuitoa Tunisia 4-2. Misri nayo iliwatoa majirani zetu wa Uganda 2-1. Kwa hiyo tarehe 21 Januari Ethiopia ilikutana kwa mara nyingine na wale waliowafunga mabao manane katika mechi mbili.

Misri ilitangulia kufunga. Ethiopia ikasawazisha kwa bao la Girma Tekle. Kabla shangwe hazijatulia, Misri ikafunga la pili. Zikiwa zimebaki dakika chache, nahodha Luciano Vassallo akasawazisha tena, na mchezo ukaenda muda wa nyongeza. Hapo ndugu yake nahodha, Italo Vassallo, akafunga la tatu, na Mengistu Worku akamaliza kazi kwa la nne. Matokeo yakawa 4-2, na Mfalme Haile Selassie akamkabidhi nahodha kombe.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika ushindi huo. La kwanza, ndugu wawili wa Vassallo walizaliwa na mama wa Eritrea na baba Mwitaliano. Katika nchi iliyoteswa na Waitalia miaka michache tu nyuma, timu ya Yidnekachew iliongozwa na nahodha mwenye jina la Kiitaliano. Kilichotazamwa ni mpira wake na moyo wake. La pili, Mengistu Worku, aliyefunga bao la mwisho, baadaye naye akawa kocha wa timu ya taifa. Mwalimu mmoja alizaa mwalimu mwingine. Hadi leo Ethiopia haijatwaa tena kombe hilo.

Mlinzi wa mchezo

Mwezi ule ule wa Januari 1962, Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri. Alipitia hapa jirani Mbeya, akaenda Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere, na mwanzoni mwa Februari alikuwa Addis Ababa kwenye mkutano wa wapigania uhuru. Mwaka huo huo alikamatwa, na akakaa gerezani miaka 27. Wakati Mandela yuko kifungoni, Yidnekachew na wenzake walikuwa wakiifunga milango ya soka mbele ya serikali ya Makaburu.

Vita hiyo ilianza tangu siku ya kwanza ya CAF. Nchi nne ziliunda shirikisho hilo Khartoum mwaka 1957: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Yidnekachew alikuwa miongoni mwa waasisi hao. Afrika Kusini ilipokataa kuleta timu iliyochanganya weupe na weusi, haikucheza kombe lile la kwanza. Ilikuwa icheze na Ethiopia. Waafrika hawakuishia hapo, waliendelea kulisukuma suala hilo FIFA mwaka hadi mwaka. Afrika Kusini ilisimamishwa mwaka 1961, ikarudishwa 1963, ikasimamishwa tena 1964, na mwaka 1976 ikafukuzwa kabisa. Wakati huo Yidnekachew alikuwa Rais wa CAF, cheo alichokipata mwaka 1972. Alikuwa pia mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na huko nako alisimama na msimamo huo huo.

Alipigania pia nafasi ya Afrika katika Kombe la Dunia. Kwa mashindano ya 1966, FIFA iliamua kwamba bingwa wa Afrika hatakwenda moja kwa moja, bali atacheza kwanza na bingwa wa Asia. Nchi za Afrika zilikataa na zikajitoa zote. Mashindano yakapita bila Afrika, lakini kuanzia 1970 bara letu lilipewa nafasi yake lenyewe, na kufikia 1982 nafasi zikawa mbili.

Sisi Watanzania nasi tuna kumbukumbu ya utawala wake. Mwaka 1980 Taifa Stars ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Lagos, Nigeria, Yidnekachew akiwa ndiye Rais wa CAF.

Alifariki dunia tarehe 19 Agosti 1987, akiwa bado madarakani. Hakumwona Mandela akitoka gerezani mwaka 1990. Hakuiona Afrika Kusini mpya ikirudi kwenye soka la dunia mwaka 1992, wala ikitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nyumbani kwake mwaka 1996. Aliifanya kazi hiyo, matunda yake wakala wengine.

Fundisho kwetu

Ndugu wanachama na marafiki wa Rukwa mlio nyumbani na mlio mbali, vipaji kwetu havijakosekana. Pita Laela, Matai, Mtowisa au Namanyere jioni, utawakuta watoto wanacheza chandimu peku, na mpira wao ni mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Wapo wanaofika UMITASHUMTA na UMISSETA kwa nguvu zao wenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaelekeza kabla kipaji hakijapotea shambani au mjini.

Miaka iliyopita tumechangia jezi na mipira, na tumefanya vizuri. Lakini jezi huchakaa na mpira hupasuka. Mwalimu aliyefundishwa hubaki, na kila mwaka hupokea watoto wapya. Ndiyo maana safari hii tunaomba michango yenu iwapeleke walimu wa shule zetu za vijijini kwenye mafunzo ya ukocha, wa kike kwa wa kiume, kisha warudi kwenye shule zao.

Wapo wazee wetu wanaosema mpira ni kazi ya wasio na kazi. Tunawaheshimu, na tunawaomba wamtazame huyu mtoto wa malenga wa Jimma. Alianza kwa kuupenda mpira tu. Mapenzi hayo yakampeleka kwenye ukocha, na ukocha ukampeleka mahali alipoweza kuitetea heshima ya bara zima. Hatujui ni mtoto gani wa Ufipa atakayefika huko. Tunachojua ni kwamba atahitaji mwalimu, na mwalimu huyo anaweza kutokana na mchango wako wa mwaka huu.

Karibuni tuchangie.