Tenkatsu: Mtumishi wa Mkahawani Aliyekuja Kuwa Malkia wa Kiinimacho

Duniani wapo watu wakusanyao stempu, wapo wakusanyao sarafu za kale, na wapo pia wakusanyao visanduku vidogo vya kiinimacho vitengenezwavyo Japani na kampuni iitwayo Tenyo. Kila kisanduku kina namba yake, na kile kilichoacha kutengenezwa hutafutwa kwa bidii na kununuliwa kwa fedha nyingi, hasa kama bado kina karatasi yake ya maelezo. Jina Tenyo halikuzuliwa na wafanyabiashara. Ni jina la mtu, naye alitoka katika ukoo wa wasanii uitwao Shokyokusai. Katika ukoo huo hakuna aliyepata sifa kumshinda mwanamke mmoja, Shokyokusai Tenkatsu. Maisha ya mwanamke huyo ndiyo tunayotaka kumsimulia msomaji wetu leo.

Tenkatsu alizaliwa Mei 21, 1886, katika mtaa wa Kanda, mjini Tokyo, akaitwa Nakai Katsu. Baba yake alikuwa na duka la kukopesha fedha kwa rehani. Mambo yakamwendea kombo, duka likafilisika, na binti yake akapelekwa kufanya kazi ya utumishi katika mkahawa wa samaki na mboga za kukaanga. Mwenye mkahawa huo hakuwa mpishi. Alikuwa Shokyokusai Tenichi, bingwa wa kiinimacho aliyekuwa akitajwa kote Japani siku zile. Bingwa huyo aliona wepesi wa vidole vya mtoto yule, akamtoa jikoni na kumfanya mwanafunzi wake alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi.

Hapa yatupasa kueleza desturi ya kazi hiyo. Mwanafunzi wa kiinimacho hakulipa ada, wala hakupewa cheti. Aliishi kwa mwalimu, akafua, akabeba mizigo, na siri za kazi akazipata kidogo kidogo, kwa kadiri mwalimu alivyopenda. Alipokubaliwa, alipewa jina la ukoo pamoja na neno Ten, maana yake mbingu. Basi Katsu akawa Tenkatsu. Siri hizo zilikuwa riziki yake, lakini zilikuwa pia mnyororo, kwa kuwa aliyeondoka kwa mwalimu aliondoka mikono mitupu. Tenichi alimtaka binti huyo awe suria wake pia. Msichana aliyeletwa na ufukara wa nyumbani kwao angekwenda kumshitakia nani? Hatuna budi kulitaja jambo hili, kwani sifa za jukwaani zisitufanye tusahau gharama yake.

SAFARI YA NG'AMBO

Mwaka 1901 Tenichi alifunga safari ya Marekani pamoja na kundi dogo la wanafunzi wake, Tenkatsu akiwamo. Walizunguka Marekani na nchi za Ulaya, wakarejea kwao mwaka 1905. Watazamaji wa huko walistaajabia hasa mambo mawili. La kwanza lilikuwa mchezo wa vidole gumba. Tenichi alifungwa vidole gumba vyake pamoja kwa kamba nyembamba ya karatasi, watazamaji wenyewe wakikaza fundo, kisha pete kubwa na fimbo zikapita katikati ya mikono yake kana kwamba haikufungwa. La pili lilikuwa mchezo wa maji, ambao Wajapani walikuwa nao tangu zamani. Maji yaliruka kutoka kwenye kipepeo, yakahamia ncha ya upanga, kisha yakachimbuka kichwani mwa mtu, na kila mara yalifuata ishara ya mkono wa msanii.

Mchezo huo wa maji hauna uchawi wowote. Mirija ilifichwa ndani ya mavazi na chini ya jukwaa, na wasaidizi waliokaa mahali pasipoonekana waliyafungua maji na kuyafunga kwa wakati uliopangwa. Lakini mtu akiijua siri hiyo bado hajaujua mchezo. Msaidizi mmoja akichelewa kwa nukta moja tu, watazamaji watacheka badala ya kustaajabu. Kwa hiyo kilichotakiwa hasa kilikuwa nidhamu ya watu wengi, na hilo ndilo somo kubwa ambalo Tenkatsu alirudi nalo kutoka ng'ambo.

KIONGOZI WA WATU MIA

Mwaka 1911 Tenichi alistaafu, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Tenkatsu alikuwa na miaka 25 alipounda kundi lake mwenyewe, akisaidiwa na Noro Tatsunosuke, meneja ambaye alikuwa pia mumewe. Kundi hilo lilikua hata likapita watu 100. Jambo hilo si dogo, kwani Japani ya siku hizo ilikuwa nchi ambayo mwanamke hakuwa na haki ya kupiga kura, wala hakuipata hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Tenkatsu aliacha kutegemea siri peke yake. Alichanganya kiinimacho na ngoma, muziki na maigizo. Alivaa nguo zilizoshonewa vipande ving'aavyo, akatumia taa za umeme za rangi mbalimbali, na mwaka 1915 akaigiza mchezo wa Salome jukwaani. Alikwenda pia Korea, iliyokuwa chini ya ukoloni wa Japani. Mwaka 1924 alivuka tena bahari kwenda Marekani, na aliporudi alifuatana na wanamuziki wa jazi wa Kimarekani, wakati muziki huo ulipokuwa bado mgeni masikioni mwa Wajapani. Sifa zake zilienea mpaka kwenye vitabu. Mwandishi Mishima Yukio, katika riwaya yake iliyotoka mwaka 1949, ameeleza habari za mtoto aliyejivika mavazi ya mama yake ili afanane na Tenkatsu.

Katikati ya miaka ya 1930 alishuka jukwaani, na jina lake likachukuliwa na binti wa ndugu yake. Akafariki dunia Novemba 11, 1944, akiwa na umri wa miaka 58, nchi yake ikiwa katikati ya vita.

SIRI NDANI YA KISANDUKU

Kundi la watu 100 halirithiwi kwa urahisi. Linahitaji reli, meli, mishahara na majumba makubwa ya maonyesho. Lakini mwaka 1931, Tenkatsu angali hai, msanii mwingine wa ukoo huo, Shokyokusai Tenyo, alikuwa ameanzisha kampuni yake ya kuuza vifaa vya kiinimacho. Kampuni hiyo ilikuja kujulikana kwa meza zake katika maduka makubwa, ambako mfanyakazi husimama akiwaonyesha wapita njia mchezo mmoja baada ya mwingine. Anayependezwa hununua, na ndani ya kisanduku hukuta kifaa cha plastiki pamoja na maelezo yote.

Tunaona kuwa tofauti hii ni kubwa kuliko idhaniwavyo. Siri iliyomfunga Katsu kwa mwalimu wake sasa hununuliwa na mtoto yeyote kwa fedha za mfukoni, wala haimlazimu kuwa mtumishi wa mtu. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Hata hivyo kisanduku hakiuzi mazoezi. Mtoto atakayesoma karatasi ile na kukimbilia kuwaonyesha wenzake siku hiyohiyo ataumbuka, nao waliotangulia wanajua sababu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tenkatsu aliinama miaka mingi kabla ya kusimama mbele ya watu, na juhudi hiyo haijapata kutiwa ndani ya kisanduku hata leo.