Serling alivyotumia viumbe wa anga kukemea ubaguzi

RUNINGA ya Marekani ilipomzuia kusimulia wazi kisa cha mauaji ya mvulana Mweusi, mwandishi Rod Serling aliwatumia viumbe kutoka sayari nyingine kufikisha ujumbe wake.

Serling alizaliwa Desemba 25, 1924 mjini Syracuse, jimbo la New York, katika familia ya Kiyahudi. Alijiunga na jeshi mwaka wa 1943, mara tu alipokamilisha shule ya upili, akapigana nchini Ufilipino akiwa askari wa miavuli. Vita vilipokwisha alisomea Chuo cha Antioch, Ohio, kisha akajitosa katika uandishi wa tamthilia za redio na runinga.

Mnamo Agosti 1955, Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa kinyama na Wazungu alipowatembelea jamaa zake jimboni Mississippi. Washtakiwa wawili waliachiliwa na jopo la mahakama la Wazungu watupu.

Kisa hicho kilimgusa Serling, akaandika tamthilia. Hata hivyo, habari zilipoenea kuhusu chanzo chake, makundi ya Wazungu wa Kusini yalitishia kususia bidhaa za mdhamini. Ilipopeperushwa Aprili 1956, hapakuwa na Kusini wala mtu Mweusi. Aliyeuawa alikuwa mgeni tu. Alijaribu tena mwaka wa 1958, lakini mhasiriwa akageuzwa kuwa Mmexico wa karne ya 19.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Oktoba 2, 1959, Serling alianzisha kipindi cha The Twilight Zone. Wadhamini walioogopa kumtaja Mweusi hawakuona haja ya kumkagua kiumbe wa anga za juu.

Machi 1960 kilipeperushwa kisa cha mtaa wa Maple. Umeme unapotea ghafla, na mtoto anadai kwamba viumbe wa anga wamejificha miongoni mwa majirani kwa sura za binadamu. Kufikia usiku, watu waliozoeana wanashukiana, wanarushiana mawe, na jirani asiye na hatia anapigwa risasi. Juu ya kilima, wageni wawili wanatazama tu. Hawahitaji silaha, chuki ya wenyeji yatosha.

Kati ya visa 156 vya kipindi hicho, Serling aliandika 92. Kipindi kilikoma mwaka wa 1964. Alishiriki pia kuandika mswada wa filamu ya Planet of the Apes ya mwaka wa 1968, ambamo nyani ndio watawala na binadamu ndio wanaodharauliwa.

Alifariki Juni 28, 1975 mjini Rochester, New York, baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na umri wa miaka 50.

Machi 2022, karibu miaka 47 baadaye, Marekani ilipitisha sheria dhidi ya mauaji yanayofanywa na makundi ya watu kwa chuki ya rangi. Sheria hiyo ina jina la Emmett Till.