Jérôme Lejeune, Mganga wa Watoto Wanyonge

Mungu Mwenyezi huwajalia watu wengine akili ya kuchungua siri za viumbe vyake. Heri yule ambaye, akiisha kuifahamu siri, haigeuzi kuwa silaha juu ya mnyonge. Ndivyo alivyokuwa Jérôme Lejeune, mganga wa Ufaransa. Na kwa ajili ya hiyo alipata sifa nyingi na maudhi mengi.

Lejeune alizaliwa tarehe 13 Juni 1926 huko Montrouge, kando ya mji wa Paris. Mwaka 1952 alimwoa Birthe Bringsted, binti wa Denmark, na Mungu akawajalia watoto watano. Alipomaliza masomo ya uganga akawa msaidizi wa Profesa Raymond Turpin, ambaye alichungua ugonjwa ulioelezwa na mganga Mwingereza, Langdon Down, mwaka 1866. Watoto wenye ugonjwa huo hufanana nyuso, akili yao hukua polepole, na mara nyingi moyo wao una kasoro. Siku zile chanzo chake hakikujulikana. Wengine walinong’ona kwamba wazazi walikuwa walevi, au kwamba walipata ugonjwa wa zinaa. Hivyo juu ya uchungu wa wazazi iliongezwa aibu.

Yafaa kufahamu jambo moja. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe nyingi mno, ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe hizo mna nyuzi ziitwazo kromosomu, zinazobeba urithi wa baba na wa mama. Mwaka 1956, huko Sweden, Joe Hin Tjio na Albert Levan walihakikisha kwamba hesabu yake ni 46: 23 za baba na 23 za mama.

Katika hospitali ya Trousseau mjini Paris alikuwako mganga mwingine, Marthe Gautier, aliyejifunza Marekani ufundi wa kukuza chembe nje ya mwili. Yeye aliziandaa chembe za watoto wale wagonjwa. Mwaka 1958 kromosomu zao zikahesabiwa, zikaonekana 47: ile ya 21, ambayo yapasa kuwa mbili, ilikuwa tatu. Ndiyo sababu ugonjwa waitwa trisomia 21. Mwezi wa Januari 1959 habari ilitangazwa kwa majina matatu: Lejeune, Gautier na Turpin. Haki yadai kusema kwamba baadaye Bibi Gautier alilalamika kuwa sehemu yake ilifunikwa, na mwaka 2014 kamati ya maadili ya Inserm, shirika la Ufaransa la utafiti wa afya, ilikiri kwamba kazi yake ilikuwa kubwa.

Kwa wazazi neno hilo lilikuwa faraja. Ulevi haukuwa chanzo, wala zinaa. Na mara nyingi ugonjwa huo haurithiwi, bali hutokea wakati mbegu ya uzazi inapofanyika. Lejeune akatumaini kwamba, chanzo kikiisha kujulikana, dawa nayo itapatikana. Mwaka 1964 akawekwa kuwa profesa wa elimu ya urithi katika chuo cha uganga cha Paris. Familia nyingi zilimletea watoto wao, naye aliwapokea kwa heshima, akimwita kila mtoto kwa jina lake.

Lakini elimu hiyohiyo ilifungua njia nyingine. Waganga walijifunza kuchota maji yanayomzunguka mtoto tumboni, wakahesabu kromosomu kabla hajazaliwa. Mtoto akionekana mgonjwa, wengi walishauri mimba itolewe. Mwaka 1969, huko San Francisco, wataalamu wa Marekani walimpa Lejeune nishani kubwa, naye akaitumia saa ile ya heshima kuwatetea watoto hao. Tangu hapo wengi waliomsifu wakampa kisogo.

Mwaka 1970 watu wa Ufaransa walijadili sheria ya kuruhusu kutoa mimba za namna hiyo. Binti yake Clara amesimulia kwamba mtoto mmoja wa miaka kumi, mwenye trisomia, aliyasikia majadiliano hayo katika televisheni. Kesho yake akaja kwa mganga wake akilia, akamkumbatia, akamsihi awatetee, kwa kuwa wao wenyewe hawawezi kujitetea. Lejeune hakusahau machozi yale. Sheria ya kuruhusu kutoa mimba ilipita mwaka 1975.

Mwezi wa Agosti 1989 aliitwa kutoa ushahidi huko Maryville, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Mume na mke waliokuwa wakiachana walishindania viinitete saba, yaani mimba za siku za kwanza, zilizotungwa nje ya tumbo na kuhifadhiwa katika baridi kali. Lejeune alishuhudia kwamba katika udogo ule tayari yumo binadamu. Hakimu alikubali, akampa mama haki ya kuvitunza. Lakini mwaka 1992 mahakama kuu ya jimbo iliikataa hukumu hiyo.

Mwaka 1990, katika hospitali ya Hammersmith mjini London, walizaliwa watoto wa kwanza waliochaguliwa kwa njia mpya. Mimba hutungwa nje ya mwili wa mama. Siku zile ilipofikia chembe nane hivi, moja au mbili ziliondolewa na kuchunguzwa. Siku hizi huchukuliwa kadhaa, yapata siku ya tano. Kiinitete kisichoonyesha ugonjwa hutiwa tumboni. Kile kilichoonekana kigonjwa huachwa. Wazazi waombao kazi hiyo mara nyingi wamekwisha kuzika mtoto, nao wastahili huruma. Hata hivyo katika njia hii ugonjwa hauponywi. Yule aliye mgonjwa ndiye aondolewaye. Eklezia iliikataa katika waraka Dignitas Personae wa mwaka 2008.

Mwezi wa Februari 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimweka Lejeune kuwa mkuu wa kwanza wa Akademia ya Kipapa ya Uhai. Alikuwa tayari mgonjwa wa kansa ya mapafu. Alifariki siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1994. Dawa aliyoitafuta kwa miaka 35 hakuiona. Mwezi wa Julai mwaka uleule, sheria ya Ufaransa iliruhusu uchunguzi wa viinitete kwa masharti. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitangaza kwamba Lejeune aliishi fadila za kikristu kwa kiasi cha kishujaa; kwa hiyo aitwa Mheshimiwa.

Mbele ya watu alionekana ameshindwa. Lakini mjini Paris taasisi yenye jina lake yaendelea kuwatunza wagonjwa na kuitafuta dawa. Kila mzazi aliye na mtoto mnyonge nyumbani na akumbuke mfano huu: ugonjwa ni adui, tuupige vita, mgonjwa ni ndugu, apokewe kwa mapendo.