Kuweza, Kutaka, Kusema: Maisha ya Jack Kirby, Mchoraji wa Maadui

Wanaopenda katuni na filamu za mashujaa katika kitivo chetu hawachoki kubishana kuhusu maadui wa mashujaa hao. Thanos akikutana na Darkseid, nani atashinda? Magneto ni muuaji au ni mtetezi wa watu wake? Galactus, anayekula sayari nzima, anaweza kuhukumiwa sawa na mwizi wa kuku? Mimi nasoma isimu, kwa hiyo sikio langu huenda kwenye vitenzi kabla ya kwenda kwenye hoja. Nimeona kwamba ubishi huo wote unasimama juu ya vitenzi viwili, kuweza na kutaka. Mmoja anauliza adui anaweza nini, mwingine anauliza anataka nini. Kitenzi cha tatu, kusema, husahauliwa: nani amesema kwamba adui huyu anataka hivi?

Katika makala haya nataka kukipa kitenzi hicho nafasi yake, na njia niliyoichagua ni kusimulia maisha ya Jack Kirby, Mmarekani aliyefariki mwaka 1994. Mkono wake ndio uliowachora kwa mara ya kwanza Doctor Doom, Magneto, Galactus na Darkseid. Thanos si wake. Alibuniwa na Jim Starlin akatokea mwaka 1973, lakini Starlin mwenyewe amekiri kwamba umbo lake la mwisho lilimfuata Darkseid. Wanaobishana juu ya Thanos, basi, nao wako bado katika nyumba ya Kirby.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 katika mtaa wa Lower East Side, jijini New York, akaitwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Austria, na baba yake alishona nguo kiwandani. Mtaa ulikuwa maskini na umejaa watu. Vijana wa barabara moja walipigana na vijana wa barabara ya pili, na Jacob alipigana pamoja nao. Kuchora alijifunza mwenyewe, kwa kunakili katuni za magazetini. Alipofika miaka 14 aliingia shule ya sanaa ya Pratt Institute, akakaa wiki moja tu. Pale walitaka mtu akae muda mrefu juu ya mchoro mmoja, naye alitaka kuchora haraka na kuendelea mbele. Mwaka 1935 alipata kazi katika studio ya Fleischer, iliyotengeneza filamu za Popeye, lakini hakudumu. Aliona ni kiwanda kama kile cha baba yake, ila hapa kilishona picha. Akaondoka, akaanza kuchora katuni kwa majina mbalimbali mpaka jina la Jack Kirby likabaki.

Adui wake wa kwanza aliyejulikana duniani hakuwa wa kubuni. Mwishoni mwa mwaka 1940, yeye na mwenzake Joe Simon walitoa toleo la kwanza la Captain America, lenye tarehe ya Machi 1941. Kwenye jalada shujaa anampiga Hitler ngumi ya uso. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Karibu mwaka mzima ulikuwa umesalia kabla ya shambulio la Pearl Harbor. Simon alisimulia baadaye kwamba barua za vitisho zilifika ofisini, hata polisi wakaombwa kulinda mlango. Kwa Kirby, basi, kumchora mwovu na kusema wazi anataka nini lilikuwa tendo lenye gharama tangu siku za mwanzo.

Mwaka 1943 aliitwa jeshini, na Agosti 1944 alishuka Ufaransa, katika ufuko wa Omaha, wiki kumi na moja baada ya majeshi ya kwanza. Mwenyewe alisimulia kwamba ofisa mmoja, alipojua kuwa huyu ni mchoraji, alimtuma mbele kwenda kuchora ramani za maeneo ya adui, kazi ambayo wengi hawakurudi kutoka kwayo. Baridi ya majira yale iliiumiza miguu yake vibaya, karibu ikatwe. Alilazwa hospitalini na kuachiliwa kutoka jeshini mwaka 1945.

Nasimama kidogo hapa, kwa sababu naamini vita hiyo ndiyo inayoeleza waovu wake wa baadaye. Adui aliyepigana naye Kirby hakuweza kupasua milima wala kuruka angani. Uwezo wake wote ulitoka kwa watu waliokubali kumtii. Mtu aliyeona hivyo hawezi kuridhika na swali la nani ana nguvu zaidi.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Yeye na Simon walifanikiwa sana kwa hadithi za mapenzi kuanzia mwaka 1947, kisha biashara ya katuni ikayumba, wakaachana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kirby alirudi katika kampuni ambayo leo tunaiita Marvel, na mwaka 1961, pamoja na Stan Lee, wakaanzisha Fantastic Four. Hapo ndipo mlango wa waovu ulipofunguka.

Doctor Doom alitokea mwaka 1962. Ana mitambo na ana ulozi pia, kwa hiyo hesabu ya uwezo wake ni ngumu tangu mwanzo. Mwaka 1964 wasomaji walipewa habari za utoto wake: baba mganga, aliyekimbia usiku na mwanawe kwa sababu alishindwa kumponya mke wa mtawala, akafa kwa baridi akiwa amemfunika mtoto kwa nguo zake. Kutoka hapo mashabiki waligawanyika: huyu ni mwovu, au ni yatima anayedai deni? Kirby alikuwa na jibu lake. Kwake yeye, uso uliofichwa chini ya chuma ulikuwa na kovu dogo tu. Doom alijificha kwa majivuno, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kasoro hata moja. Wachoraji na waandishi wengine wameuonyesha uso ulioharibika kabisa. Angalieni jinsi ukubwa wa kovu unavyobadilisha kesi nzima, na uwezo wa Doom haukuongezeka wala kupungua.

Magneto ni ushahidi mkubwa zaidi. Kirby na Lee walimleta mwaka 1963 akiwa mtu wa kutawala kwa nguvu, basi. Miaka 18 baadaye, mwaka 1981, mwandishi Chris Claremont alimpa utoto katika kambi ya Auschwitz. Uwezo wa kuvuta chuma ulibaki uleule, lakini kutaka kwake kukapata mzizi mpya, na tangu siku hiyo ubishi juu yake haujaisha. Thanos naye yuko hivyo. Katika katuni ya mwaka 1991 anaangamiza nusu ya viumbe ili apendwe na Kifo, anayetokea kama mwanamke. Katika filamu ya mwaka 2018 anafanya tendo lilelile kwa hoja kwamba mali ya ulimwengu haiwatoshi wote. Kitendo kimoja, sababu mbili. Mabishano yetu mengi yanatokea kwa sababu mmoja anamtetea Thanos wa kitabu na mwingine anamshtaki yule wa filamu.

Galactus, wa mwaka 1966, anavuruga mizani yote. Anakula sayari kwa sababu ana njaa, kama sisi tulavyo bukari. Kirby alieleza baadaye kwamba alipomfikiria alikuwa akimfikiria Mungu. Je, kiumbe kisichochukia mtu kinaweza kuitwa mwovu? Kutaka na kuhitaji ni vitenzi viwili tofauti, na Galactus anatulazimisha tusivichanganye.

Mwaka huohuo alitokea Klaw, na hapa msomaji wa Katanga hahitaji mwalimu. Klaw ni mgeni aliyefika Wakanda kuchukua madini ya vibranium kwa ajili ya mtambo wake wa kugeuza sauti kuwa vitu. Alimwua mfalme T'Chaka aliyemkatalia, na mtoto wa mfalme, T'Challa, ndiye Black Panther. Wakanda ni nchi ya kubuni. Lakini sisi tunaishi juu ya shaba na kobalti, na urani ya Shinkolobwe ilisafirishwa kwenda Marekani wakati wa vita ileile aliyopigana Kirby. Adui anayetaka kilicho chini ya ardhi ya wengine hatumjadili kwa muda mrefu. Tunamfahamu.

Mashabiki hawakungoja kizazi chetu ili kubishana. Fantastic Four ilianza kuchapisha barua za wasomaji tangu toleo la 3, mwaka 1962, na humo vijana walisifu, walikosoa, walidai maelezo. Katika toleo la 20, la mwaka 1963, kuna barua ya kijana wa shule aliyesifu toleo la 17, ambamo Doctor Doom anapambana na wale wanne. Kijana huyo aliitwa George R. R. Martin, yule aliyekuja kuandika riwaya kubwa zilizojaa watu wanaotaka kiti cha ufalme. Ubishi juu ya waovu unaweza kuwa shule.

Sasa nafika kwenye kitenzi cha tatu. Lee na Kirby hawakufanya kazi kama mwandishi na mchoraji wa kawaida. Mara nyingi walizungumza kidogo tu juu ya hadithi, kisha Kirby akaenda nyumbani akachora kurasa zote, akipanga matukio mwenyewe. Pembezoni mwa kurasa aliandika kwa penseli nini kinatendeka na kwa nini. Baada ya hapo Lee aliandika maneno ya wahusika. Kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa na sauti mbili: moja ya pembezoni, ambayo msomaji hakuiona, na moja ndani ya vipovu, iliyochapishwa.

Mara nyingine sauti hizo zilipingana. Mfano unaotajwa sana na wachunguzi wa kurasa hizo ni matoleo ya 66 na 67, ya mwaka 1967, yenye kundi la wanasayansi wanaoumba mtu mkamilifu. Katika maandishi ya Kirby hao ni watu wenye nia njema wanaoshindwa na walichokiumba. Katika maneno yaliyochapishwa wamekuwa watu wabaya wanaotaka kutawala dunia. Mchoro ni uleule. Kilichobadilika ni kauli, na kauli ndiyo iliyotoa hukumu. Kwa mwanafunzi wa isimu sioni mfano bora: uwezo unaonekana kwa jicho, lakini nia hukaa katika maneno, na mwenye kalamu ya mwisho ndiye anayemfanya mtu kuwa mwovu.

Kirby aliondoka Marvel mwaka 1970, akaenda DC, na huko aliandika maneno yake mwenyewe. Matunda yake ni Darkseid. Macho ya Darkseid hutoa miale inayomfuata mtu hata akikata kona, na wapimaji wa nguvu huanzia hapo. Lakini Kirby humchora mara nyingi akiwa amesimama kimya, mikono nyuma, wengine wakitenda kwa niaba yake. Anachotafuta ni fomula iitwayo Anti-Life, itakayomwezesha kuzitawala akili zote, pasibaki mtu mwenye hiari yake. Askari wa mwaka 1944 alikuwa amemwona mtu wa namna hiyo. Kitabu cha New Gods kilisimamishwa mwaka 1972 baada ya matoleo 11, hadithi ikiwa haijaisha.

Baadaye alirudi Marvel kwa miaka michache, kisha akafanya kazi katika katuni za televisheni. Vita yake ya mwisho ilikuwa ya karatasi. Miaka ya 1980 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao za asili. Wengine walipewa hati fupi ya kutia sahihi. Kirby, mwaka 1984, alipewa hati ndefu yenye masharti mengi zaidi, na akakataa. Wachoraji wenzake walitia sahihi kumtetea, na mashabiki waliozoea kubishana kuhusu Doom na Galactus wakageukia swali lingine: nani alisema nini, nani aliumba nini? Mwaka 1987 alirudishiwa kurasa zipatazo 1,900, kati ya zaidi ya 10,000 ambazo inakadiriwa aliwachorea. Alifariki tarehe 6 Februari 1994, akiwa na miaka 76. Watoto wake waliendelea na kesi, wakashindwa katika mahakama mbili, na Septemba 2014, kesi ikiwa imefika mlangoni mwa Mahakama Kuu ya Marekani, pande zote zikapatana.

Ndugu wasomaji, sisi wa Kongo hatuwezi kukipuuza kitenzi hiki. Mfalme Msiri wa Bunkeya aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold, na kwa miaka mingi dunia ilimjua kwa maandishi ya wasafiri wa Ulaya, waliomwita katili. Uwezo wake haupingwi na mtu. Alichokitaka, lakini, kilisemwa na watu walioitaka nchi yake. Mwanawe Mukanda Bantu naye aliacha kumbukumbu zake, na anayezisoma anakutana na Msiri mwingine. Simwondolei mfalme makosa yake. Nadai tu kwamba pembezoni pasomwe pamoja na vipovu.

Basi tuendelee kubishana, kwani ubishi mzuri hunoa lugha. Mtu akisema Darkseid anaweza, tumwulize anataka nini. Akijibu, tumwulize tena ni nani aliyesema hivyo, alikuwa ameshika kalamu ya nani, na nani alilipwa.